Gari limezima kwenye maji: kabla hujagusa ufunguo tena

Injini ikizima katikati ya maji, mkono wa dereva unakwenda kwenye ufunguo wenyewe, bila kutumwa. Uzuie. Nimeendesha hardtop, yaani Land Cruiser ya bati juu, miaka mingi njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngaresero, kule Ziwa Natron, ambako masika korongo linaweza kushuka limejaa hata siku ambayo juu yako hakuna wingu, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Injini nyingi nilizoziona zikiuawa na maji hazikufa wakati wa kuvuka. Zilikufa robo saa baadaye, mtu alipojaribu kuwasha "mara moja tu", au watu wema walipokuja kusukuma.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Chukua injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 iliyo kwenye hardtop nyingi za huku. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,164, yaani kila silinda inavuta hewa kama 694. Pistoni ikipanda inaibana hewa hiyo mara 22 hivi, mpaka inabaki nafasi ya kama mililita 33 tu. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani na ziada kidogo. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Vijiko vitatu vya maji vikikaa juu ya pistoni, pistoni haina pa kwenda, na kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Injini ikiwa kwenye kasi, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloki palepale. Lakini kama ulikuwa unatambaa na ikazima taratibu, mara nyingi kila kitu bado ni kizima.

Ukiwa bado majini

Zima swichi. Weka frii. Halafu angalia maji, si gari. Yakianza kubadilika rangi, au vijiti na majani makavu vikianza kupita vingi, korongo linaongezeka. Toa watu kwanza, mizigo baadaye, na gari liachie Mungu. Kwenye mito yenye mamba au viboko, hakuna mtu wa kushuka kupima kina kwa miguu hata kama maji yamesimama.

Kama maji yametulia, funga kamba au cheni kwenye ndoano ya chasisi, usifunge kwenye bampa, mvutwe kurudi mlikotoka. Chini ya upande ule unapajua, umeshapita. Watu wote wakae mbali na kamba inapokazwa.

Kuna ujanja wa zamani ambao madereva wakubwa walitufundisha: weka namba moja, piga selfu, gari litambae kwa nguvu ya betri mpaka litoke. Unafanya kazi, nimewahi kuuona. Ila ni ujanja wa gari lililozima kwa sababu ya waya kulowa, na wewe ukiwa pale katikati hujui bado kama ni waya au ni maji ndani ya silinda. Usiufanye.

Jikumbushe limezimaje

Wakati mnasubiri kuvutwa, jiulize injini ilizima namna gani, kwa sababu baadaye utasahau au utasimulia vingine. Ikiwa ilikata ghafla, kama imegonga ukuta, pengine na mlio mmoja wa nyundo chini ya boneti, basi karibu ni hakika imemeza maji. Ikiwa ilianza kukohoa, ikamisi, ikapoteza nguvu halafu ikafa, kwa gari la petroli fikiria umeme kwanza. Na ikiwa wewe mwenyewe ulizima kwa woga, au ilizima kwa sababu uliachia klachi vibaya, una bahati kuliko wote, ila bado ukaguzi ni uleule.

Nchi kavu: boneti juu, ufunguo mfukoni

Liegeshe pua ikiwa juu kidogo ili eksozi imwage maji yaliyoingia kwa nyuma. Ufunguo utie mfukoni mwako. Siyo kwamba humwamini tandiboi, ni kwamba kila gari lililokwama linavuta mtaalamu mmoja wa kusema "hebu nijaribu".

Na hapa ndipo wasukumaji watafika. Mwenzetu mmoja alizimikiwa na gari lake kwenye korongo, maji yakiwa usawa wa taa. Vijana wakaja mbio, "Mzee, weka namba mbili, tunasukuma!" Akaweka. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikashika, watu wakapiga vigelegele. Ikawa inatetemeka kidogo, moshi mweupe, lakini inakwenda, naye akaondoka nayo. Jioni hiyo, akipandisha mlima, konrodi ikatoka ubavuni mwa bloki na oili yote ikamwagika barabarani. Konrodi iliyopinda inaweza kwenda hivyo saa nzima, hata siku kadhaa, kabla ya kukatika. Kusukuma kwenye gia ni kubaya kuliko selfu, kwa sababu selfu ikikutana na maji inaweza kukwama tu, lakini uzito wa gari zima likiwa kwenye mwendo unapitia kwenye tairi mpaka kwenye krenki na haukwami.

Sasa tazama alama. Matope na majani yaliyonata yanakuonyesha maji yalifika wapi: kwenye betri, kwenye alteneta, kwenye mdomo wa hewa. Gari lisilo na snokeli, lile bomba la hewa linalopanda mpaka usawa wa paa, linavuta hewa kwenye fenda au nyuma ya taa, na wimbi linalotangulia gari linapanda juu kuliko maji yenyewe. Snokeli nayo isikupe kiburi. Huwa inavuja kwenye viungo, pale mpira unapokutana na kopo la ea klina, yaani filta ya hewa, hasa kama klipu ilipotea gereji na fundi akafunga waya.

Angalia pia rejeta. Feni inayozunguka ndani ya maji hujipinda kwenda mbele kama parapela, na mapanga yake yanaweza kuichana rejeta. Ukikuta maji ya rejeta yanadondoka, hilo ni tatizo la pili, liandike kichwani.

Fungua ea klina

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, na haichukui dakika tano. Fungua klipu, toa filta, ishike kwa mikono miwili.

Filta kavu, kopo kavu: vizuri, ruka sehemu inayofuata, tatizo lako liko kwenye umeme au mafuta. Filta imelowa chini tu, lakini bomba linalotoka hapo kwenda kwenye injini ni kavu kabisa ukiingiza kidole na kitambaa cheupe: una nafasi nzuri, lakini endelea kama mtu mwenye mashaka. Filta imelowa yote: usibishane, chukulia maji yamo ndani. Ya kwangu mwaka mmoja ilikuwa imelegea kama andazi lililochovywa kwenye chai, na upande wa ndani wa bomba kulikuwa na mchanga mwembamba wa kijivu, umejipanga mstari unaoelekea kwenye injini.

Kabla ya kufunga, papasa chini ya kopo. Pana kimpira chenye mdomo wa bata, kazi yake ni kutema vumbi na maji. Vumbi na jua vinakikausha, kinapasuka, na kuna mafundi wanaokitupa wakisema hakina kazi. Tundu hilo likiwa wazi, snokeli yako ndefu haina maana yoyote. Injini inanyonya maji kutoka chini.

Kisha oili. Vuta kijiti. Oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameshachanganyika nayo. Ila jihadhari: kama injini haikuzunguka baada ya maji kuingia, maji yanakaa chini kabisa ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, na oili inaelea juu yake, kwa hiyo kijiti kinatoka safi. Kitakachokuambia ukweli ni kiwango. Kimepanda kuliko asubuhi? Legeza nati ya kumwagia oili taratibu, usiitoe. Kama maji yapo, yatatangulia yenyewe. Injini yenye maji kwenye sampu haiwashwi mpaka oili imwagwe na kuwekwa mpya.

Kutoa maji ndani ya silinda

Kama filta imekuhukumu, kazi ni hii, na usiifanye kwa haraka.

Kwenye petroli, fungua plagi zote. Kwenye dizeli, fungua hita plagi, au nozeli kama hita hazifikiki. Zipange kwa mpangilio wa silinda. Ile iliyolowa inakuonyesha maji yaliingia wapi. Kwa magari ya petroli yenye koili juu ya kila plagi, nyanyua koili kwanza uchungulie shimo. Mara nyingi maji yametuama mle, na ukifungua plagi bila kuyanyonya kwa kitambaa, unayamwaga wewe mwenyewe ndani ya silinda.

Zuia mafuta yasiingie. Kwenye 1HZ, chomoa ule waya mmoja unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu ya nozeli, ile swichi ya umeme inayofungua na kukata dizeli. Kwenye petroli, toa fyuzi ya pampu ya mafuta na chomoa konekta za koili. Mvuke wa petroli na cheche moja vinatosha kuwasha moto ambao hutauzima kwa mchanga.

Kama injini ina tabo na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayokwenda kwenye injini, fungua mabomba ya intakula kwanza. Kile ni kikapu cha maji. Nimeona fundi mzuri tu anasafisha silinda zote, anafunga, anawasha, injini inanyonya lita iliyobaki kwenye intakula, na kazi inaanza upya, safari hii na konrodi iliyopinda.

Sasa zungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki. Huna spana kubwa hivyo? Weka mawe kwenye tairi tatu, achia hendibreki, weka namba ya juu kwenye magurudumu mawili tu, inua tairi moja ya nyuma kwa jeki, izungushe tairi hiyo kwa mikono. Matundu yakiwa wazi injini haina ubishi. Ikikwama mahali pale pale kila mara, acha, kuna kitu kimepinda au kimevunjika, na hatua inayofuata ni kamba ya kuvutia mpaka mjini.

Ikizunguka vizuri, hapo ndipo selfu inaruhusiwa. Rudisha frii, watu wakae pembeni, hakuna kuchungulia matundu. Piga sekunde tano, pumzisha, piga tena. Maji yatatoka kama bomba la bustani lililobanwa kwa dole gumba. Endelea mpaka yatoke mvuke tu, halafu mpaka kusitoke kitu. Tia kijiko cha chai cha oili safi kila silinda, piga tena kidogo, kisha rudisha kila kitu. Filta iliyolowa usiirudishe. Anika juani, na kama huna ya akiba, umbali mfupi wa kutoka hapo bora uende polepole bila filta kuliko na karatasi iliyolowa inayoweza kupasuka na kumezwa.

Kwa injini za petroli ambazo tundu la plagi liko wima juu ya pistoni, kuna kipimo cha bure cha konrodi. Ingiza kijiti chembamba kirefu cha mti, zungusha kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa, weka alama kwa kalamu. Fanya hivyo silinda zote. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa milimita kadhaa, konrodi yake imepinda. Kwa 1HZ huwezi, kwa sababu nozeli na hita vinaingia kwenye chumba cha pembeni na kijiti hakifiki kwenye pistoni. Huko utahitaji geji ya kompresheni.

Ea klina ni kavu lakini haiwaki

Hapa moyo unaweza kutulia. Ukigeuza ufunguo, sikiliza.

Kimya kabisa, hata taa za dashibodi hakuna: betri, terminali, fyuzi kubwa. Tetemesha waya wa arthi pale unapofungwa kwenye chasisi, maji na matope vinapenda kumalizia kazi iliyoanzwa na kutu. Betri nzima iliyotulia inasoma kama volti 12.6, chini ya 12 usiilaumu selfu.

"Tak" moja na haizunguki: watu husema selfu imeingia matope, na kweli huingia. Lakini mlio huo huo ndio wa silinda yenye maji. Ndiyo maana tulianza na ea klina. Ukiwa na hakika ya ukavu, gonga mwili wa selfu kwa mpini wa nyundo wakati mwenzako anashikilia ufunguo.

Inazunguka vizuri lakini haishiki, na ni petroli: kama ni gari la zamani lenye distributa, fungua kifuniko chake. Distributa ya moto ikikutana na maji baridi, ndani kunatoka jasho. Pangusa kifuniko, rota, waya za plagi na shingo ya koili kwa kitambaa kikavu, kisha acha juani dakika ishirini. Giza likiwa limeingia, mwambie mwenzako apige selfu wewe ukitazama kwa mbali: utaona cheche za buluu zinatambaa juu ya waya uliolowa. Wapo wanaomwagia petroli ati ikaushe haraka. Hao wasikuguse gari. Magari mapya hayana distributa, kwa hiyo chomoa konekta moja moja, ya sensa ya krenki kwanza, puliza, pangusa, rudisha mpaka isikike imebana. Na kama ufunguo wenye chipu ulizama na suruali yako, taa ya ufunguo inawaka kwenye dashibodi. Tafuta ufunguo wa pili kabla ya kufungua chochote.

Inazunguka, haishiki, na ni dizeli ya zamani: 1HZ haina kompyuta. Inahitaji hewa, dizeli, joto la hita, na umeme wa solenoidi ya pampu. Fungua swichi bila kuwasha na usikie "tik" pale kwenye pampu. Hakuna tik, vuta waya wa muda kutoka chanya ya betri mpaka kwenye solenoidi; ikiwaka, tatizo ni fyuzi au waya uliolowa, na sasa unajua pia kwamba utaizima kwa kuchomoa waya huo.

Tik ipo? Nenda kwenye filta ya dizeli. Legeza nati ya chini na kinga kwa chupa ya maji ya kunywa, ile inayopenya mwanga. Iache itulie dakika mbili. Maji yatajitenga chini, dizeli juu, mpaka wake utauona wazi kama uzi. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu, kisha piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Tangi la moto likizama ghafla hewa yake inasinyaa na kunyonya maji kupitia kipumulio au kifuniko kilicholegea, kwa hiyo ukipata maji mengi kwenye chupa, tarajia kurudia mara kadhaa njiani.

Limewaka

Acha lingurume bila kukanyaga mafuta, macho kwenye taa ya oili. Moshi mweupe dakika kadhaa za kwanza ni maji yaliyobaki yakiondoka. Moshi usiokoma, mtetemo, au mlio wa ko-ko-ko unaofuata mzunguko wa injini: zima, vutwa. Breki zikaushe kwa kukanyaga kidogo kidogo ukiwa mwendo mdogo. Oili ya injini badilisha hata kama inaonekana safi, na krosi za propela zipigwe grisi mpaka ile chafu itoke.

Kilichobaki ni difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na hiyo iache mpaka asubuhi, maji yamekwisha kushuka chini. Legeza nati ya chini kidogo kabla gari halijasogezwa. Ya nyuma ya kwangu ilitoa karibu kikombe kizima cha maji ya korongo kabla tone la kwanza la oili halijaonekana. Nikafuatilia kibomba cha kipumulio chake mpaka mwisho, juu ya chasisi, nikakuta kimezibwa kwa udongo mkavu, mviringo, laini kama umepakwa kwa kidole. Nyigu alikuwa amejenga mle. Difu ilikosa pa kuvutia hewa, ikavuta maji kupitia sili za ekseli.